Kabla ya Kugusa Kliki, Kagua Skrubu

Bunduki yenye darubini ikianza kupiga pembeni, wengi hukimbilia kliki, yaani hatua ndogo za vifundo vya darubini vinavyosogeza mlengo. Risasi imeenda kulia, wanazungusha kushoto. Inayofuata imepanda, wanashusha. Boksi la risasi linaisha na ziro, yaani risasi kutua pale unapolenga, haijapatikana. Kwa mwenye leseni anayelenga shabaha hapa Nairobi, ushauri wetu ni huu: kliki ziwe kitu cha mwisho kuguswa.

Toa komeo, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hakikisha chemba ni tupu, kisha shika darubini uitikise. Ikicheza hata kidogo, ifungue yote. Futa mafuta kwenye reli na kwenye nyuzi za skrubu, maana skrubu yenye mafuta hukaza kupita kipimo bila wewe kuhisi. Funga kwa spana ya kipimo. Pete nyingi zinazoshika darubini hutaka karibu niutoni mita 2, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Ukizidisha, bomba linabanwa na sehemu za ndani zinakwama. Kaza kwa kupokezana, upande huu kidogo na ule kidogo, ili mapengo ya pete yabaki sawa.

Kabla ya kukaza mara ya mwisho, simamisha wima msalaba, yaani mistari ya kulengea ndani ya darubini. Ning'iniza timazi ya fundi mwashi mbele yako, sawazisha bunduki, kisha zungusha darubini mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Usilidharau hili. Msalaba ukiinama digrii 3 tu, ukipandisha miliradiani 5 (kipimo cha pembe; moja ni sentimita 10 kwa mita 100) kwa shabaha ya mita 500, risasi itakwenda kando kama sentimita 13, nawe utausingizia upepo.

Anza mita 25. Ukiwa umetoa komeo, chungulia shabaha kupitia mtutu, bunduki ikiwa imetulia kwenye mifuko ya mchanga, kisha sogeza msalaba uangukie hapo hapo. Kumbuka kwamba kliki ya miliradiani 0.1 husogeza sentimita 1 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 ni milimita 2.5 tu. Ukikosea kwa sentimita 4, unahitaji kliki 16.

Ukihamia mita 100, piga risasi tano ukilenga pale pale, bila kugusa chochote. Tafuta katikati ya kundi, si tundu lililo karibu zaidi na kitovu. Kundi likiwa kulia sentimita 8 na chini sentimita 5, ni kliki 8 kushoto na 5 juu. Darubini ya robo dakika ya pembe husogeza karibu milimita 7 kwa kliki, kwa hiyo hapo ni 11 kushoto na 7 juu. Pima umbali wenyewe pia: yadi 100 ni mita 91.4.

Kundi likitawanyika, usirekebishe. Huenda mtutu umelalia mfuko wa mchanga. Mfuko ukae chini ya mbao ya bunduki, mbele ya kasha la risasi. Huenda mtutu umepata moto, uache upoe. Au sogeza kichwa kidogo ukiangalia ndani: msalaba ukielea juu ya shabaha, rekebisha fokasi ya pembeni mpaka utulie. Kufikia saa sita mchana, hewa juu ya nyasi kavu hutetema na shabaha huonekana kama inayumba, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya kazi hii. Na ukibadilisha aina ya risasi, anza upya.

Ziro ikishapatikana, jaribu kama kliki zinasema kweli. Simamisha karatasi ndefu yenye mstari wa timazi, lenga alama ya chini, pandisha miliradiani 8. Kwa mita 100 kundi linapaswa kuwa sentimita 80 juu. Likiwa 77, ziandike na uzitumie kwenye hesabu zako. Rudisha kliki 80, piga tena: lisiporudi mahali pake, darubini hiyo ina kasoro ya ndani na hakuna skrubu itakayoitibu.

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na risasi haishuki sana kama Pwani. Kwa mita 100 hutaona tofauti. Ukiipeleka bunduki hiyo hiyo Mombasa na kupiga mita 500 kwa hesabu za huku, risasi itatua chini, kwa hiyo weka ukurasa wake wa Pwani kwenye daftari.