Kaburi la Imam Bukhari haliko Bukhara

SWALI: Assalaam aleikum Shangazi. Mimi na mume wangu tumejiwekea akiba tukazuru kaburi la Imam Bukhari, Uzbekistan. Twataka kwenda Januari, tukalale Bukhara. Mume wangu anaumwa na mgongo na hutumia dawa kali za maumivu. Tujitayarishe vipi?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Mola awafikishe salama.

Mji wa kulala ubadilisheni. Imam alizaliwa Bukhara mwaka 810, lakini alifariki mwaka 870 katika kijiji cha Khartang, karibu na Samarkand, akazikwa huko huko. Laleni Samarkand, mchukue teksi asubuhi. Pale pamekuwa na ujenzi mkubwa, kwa hiyo waulizeni wenye hoteli kabla hamjatoka. Kutoka Tashkent kuna treni ya kasi iitwayo Afrosiyob. Yafika Samarkand kwa saa mbili na kitu, kisha yaendelea hadi Bukhara. Tiketi huisha mapema.

Januari nakusihi uiache. Mtatoka kwenye joto la kaskazi muingie kwenye theluji, na mgongo wa mume wako hautavumilia. Julai nako jua hupanda hadi nyuzi 40. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kutembea.

Sasa dawa, na hapa nisikilize sana. Tramadol na dawa zenye kodini zinadhibitiwa vikali kule. Mtu aweza kushikwa uwanja wa ndege. Mwende kwa daktari mumuulize kama iko nyingine ya kumfaa. Kama hakuna, uulizeni ubalozi wao kabla ya kukata tiketi. Wakiruhusu, abebe dawa ndani ya pakiti zake na barua ya daktari, na azitaje forodhani.

Chakula hakitawapa tabu. Pilau yao, plov, hupikwa kwa nyama ya kondoo, karoti nyingi na bizari nyembamba. Nendeni mchana, maana jioni sufuria huwa tupu. Mkate wao wa mviringo, uliopigwa muhuri wa nakshi katikati, humegwa kwa mkono, wala hauwekwi kifudifudi.

Msikitini msishangae: wao ni Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, si Mashafi kama sisi. Alfajiri imamu hasomi kunuti, na Alasiri yao huingia baada ya yetu.

Na kila hoteli mtakayolala, ombeni karatasi ya usajili, mzitunze pamoja na pasipoti mpaka mtakapotoka nchini.