Bringhe haikorogwi mpaka mwisho: jibu kwa dada wa Doha na wenzake

Dada mmoja anayefanya kazi Doha ameniandikia. Anaishi nyumba moja na Wafilipino, mmoja wao mwenyeji wa Pampanga. Siku ya sikukuu alikaribishwa bringhe, wali wa kunata wa tui na kuku, ikamkolea, akaamua kuipika mwenyewe. "Imetoka bokoboko," anasema, "tena juu ina kiini. Nimekosea wapi?" Ujumbe wa namna hii naupokea sana, na makosa huwa ni yaleyale, basi nalijibu hadharani.

Pampanga ni mkoa wa tambarare kaskazini ya Manila, kisiwani Luzon: mashamba ya mpunga, mito, mabwawa ya samaki. Wafilipino kwa jumla hukubali kwamba wapishi wako huko. Duniani watu wanaijua kwa sisig, nyama ya kichwa cha nguruwe inayokatwakatwa na kutiwa ndimu ndogo za kalamansi, vitunguu na pilipili. Jiji la Angeles hata lilitunga sheria ndogo mwaka 2017 kuitambua kama urithi wake. Sawa, sisig imeshapata wa kuitetea. Bringhe haina mtetezi, nayo ndiyo inayopikwa majumbani inapofika sherehe ya mtakatifu wa mtaa, siku ambayo mlango hauna bawabu na apitaye huvutwa mezani.

Wenyewe hupenda kuiita ndugu ya paella, kwa kuwa Wahispania waliitawala nchi ile tangu karne ya 16 hadi 1898. Mtu wa Pwani hana haja ya kuzungukia Hispania. Mchele, tui la kwanza, tui la pili, manjano, kuku, majani ya mgomba: hakuna kigeni hapo. Na hapo ndipo penye mtego. Anaona vitu vyake, anapika wali wa nazi, halafu anashangaa.

Tofauti yote iko kwenye mchele. Bringhe inataka mchele wa kunata, ambao Wafilipino huuita malagkit. Ukiwa mbichi, punje yake ni nyeupe nzito isiyopitisha mwanga. Ukiiona inang'aa kidogo kama ya mchele wa kawaida, umeuziwa mwingine. Mchele wa sushi nao sio. Mchele wa kunata karibu hauna amilosi, ile sehemu ya wanga inayozifanya punje zisimame mbalimbali, kwa hiyo hunywa maji kidogo kuliko mchele wetu na hushikana mapema. Ndiyo maana hupikwa ukiwa umechanganywa: vikombe viwili vya kunata kwa kikombe kimoja cha kawaida. Ukitia wa kunata mtupu unapata kitu cha kukata kwa kisu, kizito tumboni. Ukizidisha wa kawaida haushikani. Basmati isahau kabisa, maana kazi yake ni kuachana, na sisi tunataka washikane.

Dada wa Doha ameniambia aliroweka mchele usiku kucha. Haya, bokoboko tumeshaipata ilikotoka. Mchele wa kunata uliolala kwenye maji umeshanywa sehemu ya haki yake kabla haujaliona tui. Ukija kuumwagia tui lote la kipimo, unavimba, unapasuka, unakuwa uji. Osha mara mbili, chuja, uache kwenye chujio dakika 20. Kama umesharoweka na huwezi kurudi nyuma, punguza kikombe kimoja cha tui la pili.

Vipimo vya watu wanane, kikombe kikiwa cha mililita 240. Mchele vikombe vitatu kama nilivyosema. Kuku mmoja wa kilo moja na kidogo, akatwe vipande vidogo pamoja na mifupa yake, na maini na firigisi zake zisitupwe. Tui la kwanza kikombe kimoja na nusu, la pili vikombe vitatu. Nazi mbili kubwa zinatosha. Manjano mbichi kiasi cha kidole, yatwangwe na kukamuliwa kwa maji kidogo, au kijiko kimoja cha chai cha unga. Vitunguu saumu punje tano, kitunguu maji kimoja. Patis, ile sosi ya samaki ya Kifilipino, vijiko vitatu vya chakula. Pilipili hoho nyekundu na ya kijani, njegere konzi moja, zabibu kavu robo kikombe, mayai matatu ya kuchemsha. Na majani ya mgomba.

Wengi hutia chorizo, na mara nyingi huwa ya nguruwe. Asiyekula aiache tu. Bringhe ya kuku mtupu si bringhe ya kubahatisha, iko tele Pampanga kwenyewe. Ila usifidie kwa soseji za kopo, zinatoa ladha ya moshi inayolimeza tui.

Walio mbali na nazi watumie tui la kopo: makopo mawili ya mililita 400. Kopo la kwanza liongeze maji mililita 320, hilo ndilo tui la pili. Kopo la pili litie kama lilivyo, hilo ndilo tui la kwanza. Soma maandishi ya kopo lakini; likiwa na vigandishi halitoi mafuta, na mafuta ya tui ndiyo yanayokaanga ukoko. Ikiwa huna lingine, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya nazi mwishoni, uyazungushie ukingoni mwa chombo.

Chombo kiwe kipana, kizito, cha chuma. Kule hutumia karai kubwa la chuma juu ya kuni, nje ya nyumba. Sufuria nyembamba ya alumini inaunguza chini kabla juu hakujaiva. Kama jiko ni la gesi na sufuria ni hiyohiyo, weka kikaango cha zamani cha chapati chini yake ukifika hatua ya kufunika.

Majani ya mgomba yababue kwanza. Pitisha jani juu ya moto taratibu. Utaliona rangi inageuka kijani cheusi na linaanza kung'aa, linalegea mkononi. Lisipobabuliwa hupasuka kwenye mishipa yake, mvuke ukatoka. Lile la kwenye friza liyeyushe, lifute maji, kisha lipitishe motoni vilevile.

Sasa motoni. Kaanga vitunguu, saumu zifuate, tia kuku na maini na firigisi mpaka nyama igeuke rangi pande zote. Tia patis, iache ichemke kidogo ndani ya mafuta ili harufu kali itoke. Chumvi usiguse. Patis ina chumvi ya kutosha na inaongezeka nguvu kadiri tui linavyokauka, onja baadaye. Tia maji ya manjano. Kama ni ya unga, yatie pamoja na mchele, sio kwenye mafuta makavu, maana yakiungua yanakuwa machungu na uchungu huo hautoki tena. Mimina mchele, uzungushe dakika mbili mpaka kila punje ishike rangi.

Mimina tui la pili, acha lichemke kwa moto wa wastani. Hapa, na hapa tu, unakoroga: pole pole, ukikwangua chini, dakika kumi hivi. Mchele wa kunata huzama na kushika ukiachwa peke yake wakati bado kuna maji. Ukipitisha mwiko na njia yake ikabaki sekunde moja kabla ya kujifunga, acha. Mwiko uweke mbali.

Jamani, mwiko uweke mbali. Kuanzia hapo kila ukikoroga unavunja punje zilizovimba, wanga unatoka, na bokoboko yako ndiyo hiyo. Najua mkono unawasha. Tumelelewa kuamini kwamba mpishi asiyeshughulika ni mvivu, na jikoni kwa Wakapampangan, wenyeji wa Pampanga, utajifunza kwamba kuna nusu saa ambayo kazi yako ni kusimama na kunusa. Mtu akikataa kujifunza hilo asiseme mapishi ya watu ni magumu.

Mimina tui la kwanza juu kwa kulizungusha, lisikae mahali pamoja. Panga hoho, njegere na zabibu juu, zisichanganywe ndani. Zabibu zina sukari. Zikifika chini zinaungua na kuacha madoa meusi machungu kwenye ukoko. Wapo wanaozichukia zabibu kwenye wali, na sitagombana nao.

Funika kwa majani mawili yaliyopishana, ukingo wake uingize ndani ya chombo, kisha kifuniko. Moto uwe mdogo kabisa, dakika 25. Mwenye jiko la mkaa apalie: toa makaa mengi chini, yaweke juu ya kifuniko cha bati. Usifunue. Kufunua ndiko kulikomponza dada wa Doha kwa kile kiini cha juu. Alifungua kila baada ya dakika tano kuangalia, mvuke ukamtoka, juu pakabaki pabichi huku chini panazidi kulowa. Anayetumia oveni aihamishie humo chini ya majani yake, nyuzi 170, muda uleule.

Utajua imeiva kwa sikio na pua. Mchemko wa maji unakwisha, unasikia mlio mkavu wa kukaanga, na harufu ya nazi inageuka kuwa ya nazi iliyokaangwa. Hapo hesabu dakika tatu hadi tano, ukoko unajijenga. Zima. Usifunue dakika 15. Wali wa kunata ukitoka motoni ni laini mno na unashikana unapopoa. Wapo wanaougeuza wote kwa mpigo, majani yakiwa chini na juu, ili upande wa pili nao ukauke. Inapendeza, ila inataka mkono na chombo chenye mabega ya mviringo.

Panga mayai yaliyokatwa, peleka mezani ndani ya majani. Ukoko ugawe sawa, kuna watu wamenuniana kwa sababu yake.

Pembeni panahitajika kitu kikali, maana bringhe ni nzito. Achari ya papai bichi inafaa sana, na wewe wa Pwani unaijua kuitengeneza. Kule wana pia buru, wali uliopikwa, ukapozwa, ukachanganywa na chumvi na samaki au uduvi, ukafungiwa chombo karibu wiki moja mpaka uchachuke, kisha hukaangwa kwa saumu na nyanya na kuliwa na samaki wa kukaanga na majani ya haradali mabichi. Hiyo sikuelekezi kwa mistari miwili. Chumvi ikipungua kwenye samaki mbichi unacheza na tumbo la watu. Mwombe mwenzako wa Pampanga afanye mbele yako.

Kilichobaki kisilale mezani. Wali wa nazi huharibika upesi kwenye joto, na huu wenye kuku ndani zaidi. Ukishapoa uweke kwenye friji siku ileile, kesho ukate vipande, ukaange kwenye kikaango kikavu bila kuongeza mafuta. Maikrowevu itaugeuza mpira.