Mashine Inayozimika Kwako na Kupona kwa Fundi

Mwalimu aliishusha ile kompyuta mwenyewe kutoka kwenye mashua, akaibeba begani hadi kwenye karakana yangu ya kutengeneza kompyuta Langoni, hapa mjini Lamu, akaitua mezani kwangu huku jasho likimchuruzika. "Fundi, hii yanizimikia mara tatu, mara nne kwa siku. Niko katikati ya mtihani wa watoto, pap, giza." Ana kijiofisi cha kupiga chapa na kutoa fotokopi kule Matondoni, na msimu wa mitihani ndio msimu wake wa kuvuna.

Nikaiwasha, ikawaka. Nikaiacha icheze kaswida kutwa nzima, siku ya pili, siku ya tatu. Haikuzimika hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kujiuliza kwa nini mashine inaumwa Matondoni na inapona Langoni, nilifanya wanalofanya mafundi wengi wakikosa la kusema: nikabadilisha kitu. RAM mpya, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, shilingi 2,500. Mwalimu akalipa, akashukuru, akaondoka. Baada ya siku nane akarudi. Nikapiga Windows upya, na hapo nikamfutia baadhi ya faili zake bila kukusudia, jambo ambalo mpaka leo tukikutana msikitini huwa natazama pembeni. Mara ya tatu hakuja na mashine. Alipiga simu tu: "Ndoo uione mwenyewe."

Nitafika Matondoni. Kwanza niseme nilichojifunza tangu siku ile, maana naona watu wanapoteza pesa nyingi kwa kompyuta ambazo shida yake ni ndogo.

Kompyuta haizimiki kwa namna moja, na namna inavyokufa ndiyo dalili ya kwanza. Iko inayokatika ghafla kama mtu kachomoa waya: usitafute virusi hapo, tafuta umeme au joto. Iko inayoleta skrini ya buluu yenye maneno ya Kiingereza kisha inajiwasha upya. Na iko inayoganda, mshale hausogei, baada ya dakika mbili inazinduka kama iliyokuwa imesinzia. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni diski. Mteja akiniambia "inakrashi" tu, hajaniambia kitu, kama mtu aliyemwendea daktari akasema "naumwa". Ndiyo maana siku hizi kabla ya kushika bisibisi namwomba mwenyewe akae na daftari siku tatu. Aandike saa, aandike alikuwa anafanya nini, na hasa aandike ni nini kingine kilikuwa kimewashwa nyumbani au kwa jirani. Watu wananicheka. Lakini daftari la shilingi 30 limeniambia mengi kuliko programu zote nilizo nazo kwenye flashi.

Windows yenyewe inaandika daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, utaona siku baada ya siku mashine ilianguka lini. Ukiingia ndani zaidi, kwa kuandika eventvwr, utakuta tukio linaloitwa Kernel-Power 41, na hapo wengi wanadanganyika. Wanasoma neno "power" wanakimbilia kununua saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme. Namba 41 haisemi chanzo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. La kutazama ni BugcheckCode, namba ya kosa iliyo ndani yake: ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, kwa hiyo umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa. Ukiona WHEA, hiyo ni vifaa vyenyewe vinalalamika. Na ukiona skrini ya buluu inaleta jina tofauti kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jingine kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Jina lile lile kila siku, pamoja na faili ile ile, huwa ni programu au draiva, ile programu ndogo inayoendesha kifaa.

Kama huna hakika ni Windows au ni chuma, weka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye flashi, chomoa diski ya mashine, uiwashie hapo. Ikizimika na huku, achana na kupiga Windows. Utakuwa unampaka rangi mgonjwa.

Sasa Matondoni. Nilifika saa nne asubuhi na mita yangu. Ofisi ya mwalimu ni chumba kimoja cha mawe, meza imesukumwa ukutani, na nyuma ya meza kuna ekstensheni moja inayolisha kompyuta, skrini, printa na chaja za simu za watu watatu. Nikapima soketi: volti 229. Safi. Nikapima waya wa njano wa saplai mashine ikiwa kazini: 11.7. Unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6, kwa hiyo bado ni halali. Tukakaa. Tukanywa kahawa. Mashine inapiga kazi, na mimi naanza kuona aibu ya pili.

Mnamo saa tano na nusu nikasikia ngurumo nyuma ya ukuta. Taa ya darini ikafifia, kufumba na kufumbua, ikarudi. Kompyuta ikazimika.

Ilikuwa pampu ya kisima ya jirani. Mota ya pampu ikianza kuzunguka inavuta umeme mara tano, mara sita kuliko inavyovuta ikishashika mwendo, na volti za nyumba zote zilizo kwenye waya ule zinaporomoka kwa kitambo kidogo. Mita yangu ya bei rahisi haikuwahi kuonyesha. Ile taa ndiyo iliyonisemesha. Lakini printa haikuzimika, na skrini haikuzimika. Kwa nini kompyuta peke yake?

Kwa sababu ndani ya saplai kuna kapasita zinazohifadhi umeme kidogo wa kuvukia pengo kama hilo. Saplai nzima inatakiwa kushikilia kama milisekunde 16, na wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, kwa hiyo hata ikiwa mpya kabisa uvumilivu wake ni mdogo. Mashine ya mwalimu ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, imeshafanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu. Kapasita zinazeeka kwa joto, zinakauka ndani, uwezo unapungua. Kwangu Langoni kuna UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukiyumba, kwa hiyo mashine haina cha kuvumilia. Kwake inapigwa kibao kila pampu ikiwashwa.

Halafu nikachomoa ekstensheni. Tundu la kompyuta lilikuwa na alama ya kahawia, plastiki imejikunja kama ngozi ya maziwa, na zile shaba za ndani zimeota kijani. Hewa yetu ya chumvi hiyo. Shaba iliyoota kijani haishiki vizuri, pale isiposhika panapata moto, na moto unazidi kuilegeza. Kwa hiyo volti zilizobaki baada ya pampu zilikuwa zinapungua tena papo hapo, kwenye kitu cha shilingi 400. Na kwenye tundu la juu la soketi ya ukutani, lile la arthi, kulikuwa na mfuniko wa biro. Mnalijua hilo. Kila nyumba iko: chaja ina miguu miwili, tundu halifunguki, mtu anachomeka biro. Biro likivunjikia humo, plagi ya miguu mitatu haikai tena sawasawa. Ukigusa kava la kompyuta ya chuma ukahisi kama chungu wanakutembea kidoleni, arthi haipo au haishiki. Hilo si la kuzoea.

Nilibadilisha ekstensheni na saplai, nikatoa lile biro, nikamtafutia mwalimu UPS ndogo. Nawaomba jambo moja hapa: saplai usiifungue. Kapasita zake zinaweza kukaa na umeme wa kukurusha hata baada ya kuchomoa waya. Ibadilishe nzima.

Baada ya umeme, maadui wetu hapa ni chumvi na chokaa. Nyumba za mtaa wa Mkomani zinapendeza, kuta nene, zidaka, dari za boriti, lakini ile plasta ya chokaa inapukutika mchana na usiku, unga mwembamba usiouona mpaka upitishe kidole. Feni ya laptopu inaunyonya. Kwingine vumbi ni vumbi, unapuliza linatoka. Letu linakutana na unyevu wa bahari linagandamana kwenye mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni. Niliwahi kufungua laptopu ya bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni, inayozimika kila baada ya adhuhuri, na kati ya feni na mapezi nikatoa kipande kizima kama ukoko wa wali. Nikakiinua kwenye mwanga: hakikupitisha hata nukta moja ya jua. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa inafika digrii 100 mtu akifungua kurasa tatu tu za intaneti. Programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, inakuonyesha hizo digrii. Ukiiona inacheza zaidi ya 95 kwa kazi ndogo, usinunue kitu, safisha kwanza. Na ukipuliza, zuia feni kwa kijiti cha kiberiti isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibika beringi. Ukishaondoa heatsinki, kile chuma cha kupoza, lazima uweke pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, chembe ya ukubwa wa punje ya mchele, sio kama anayepaka siagi.

Chumvi kazi yake ni ya kimya zaidi. Inavuta maji kutoka hewani, na yale maji yenye chumvi yanapitisha umeme pasipotakiwa. Ndio maana mashine inayofanya kazi kila siku hapa inaishi kuliko iliyofungiwa: joto lake lenyewe linaikausha. Wenye nyumba kijijini Shela wanaofunga wakasafiri kipindi chote cha kusi, wakirudi ndio wateja wangu. Nikikuta unga mweupe au kijani kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, natumia spiriti ya isopropili, ile kali kabisa ya asilimia 99, na mswaki laini. Mafuta ya taa hapana, hata kama mjomba wako alifanya hivyo kwenye redio ikapona.

Vidole vya RAM ndivyo vinavyoathirika mapema. Kabla ya kununua RAM mpya, toa ile ya zamani, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa kwa spiriti, rudisha. Nusu ya RAM "mbovu" ninazoletewa zinaponea hapo. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uiwashie mashine, ulale. Asubuhi kama kuna kosa hata moja, moja tu, hiyo si ya kusamehe. Mashine yenye RAM mbili, jaribu moja moja, na jaribu kila moja kwenye kila tundu, maana wakati mwingine RAM ni nzima na tundu ndilo bovu. Nilipoitoa ile RAM ya kwanza ya mwalimu sikufanya hata hili. Nilipokuja kuipima baadaye, ilipita usiku kucha bila kosa.

Diski nitaisema kwa ufupi kwa sababu jambo la maana ni moja. Ukishaishuku, kabla ya kipimo chochote, hamisha vitu vyako. Baadaye fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, utazame namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu za diski. Zikiwa zinapanda wiki hadi wiki diski inakufa, hata kama programu inasema kwa rangi nzuri kwamba iko salama. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikipanda peke yake, badilisha kebo kabla ya diski. Na usiiamrishe Windows ikarabati diski inayokata roho, utakuwa unamkimbiza mgonjwa.

Lakini katika yote hayo, sheria niliyojiwekea ni kutobadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Nikibadilisha saplai na RAM siku moja mashine ikapona, sijui kilichoiponya, na mteja kalipia vyote viwili. Matondoni nilivunja sheria hiyo kwa sababu mashua ilikuwa inaondoka saa nane. Kwa hiyo sijui kwa hakika kama ekstensheni peke yake ingetosha. Nilimwachia mwalimu saplai ile ya zamani, nikamwambia siku akiwa na nafasi airudishe tujue. Amekataa. Anasema yeye ana mitihani ya kuchapa.

Zile 2,500 nilimrudishia, kwa mafungu.