Muulize harufu inakuja lini

Wewe uliyepangiwa chumba cha uzazi wa mpango wiki hii, kuna mgonjwa utakutana naye kabla ya saa nne asubuhi. Atakaa ukingoni mwa kiti, aseme amefuata sindano. Utaandika kadi, atashika kitasa cha mlango, kisha atageuka: "Nesi, samahani, kuna na hili..." Hilo, harufu ukeni, ndilo lililomtoa nyumbani. Mrudishe akae, ufunge mlango.

Mimi zamani nikisikia habari ya harufu nilikuwa nauliza, "Unawashwa?" Akiitikia hata kwa kusitasita, namwandikia dawa ya fangasi ya kuweka ukeni. Kuna mama nilimwandikia mara tatu ndani ya miezi mitano. Mara ya nne alikuja na maganda ya dawa kwenye mkoba, akayamwaga mezani. "Zote nimemaliza. Na bado mume wangu akimaliza tu, chumba kinanuka kama Feri." Sisi wa Dar es Salaam tunajua Feri, soko la samaki, inanukaje. Alikuwa ameshanipa jibu, na mimi miezi yote hiyo sikuwa nimeuliza swali.

Fangasi hainuki shombo. Inawasha, inatoa uchafu mzito kama maziwa ya mgando, basi. Shombo linalokuja baada ya tendo la ndoa mara nyingi ni vajinosisi ya bakteria. Uke wenye afya ni mchachu, pH 3.8 hadi 4.5, kwa kazi ya laktobasili, bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya laktiki. Hao wakipungua, bakteria wasiopenda hewa hustawi na kutoa amini, kemikali za jamii ile ile inayompa samaki aliyelala shombo lake. Kwenye uchachu amini hutulia. Shahawa lakini si chachu, pH yake huzidi 7. Zikiingia, uchachu unapungua na amini zinaruka hewani. Damu ya hedhi nayo hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana anayetumia kondomu anaweza kukaa muda asisikie kitu, siku akiiacha shombo likarudi, naye akaamini mume ndiye mwenye uchafu. Maabara wanapodondoshea ute potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo nayo si chachu, na kunusa, wanarudia kilichotokea kitandani.

Vigezo vya Amsel vya mwaka 1983 bado vinatusaidia kuitambua vajinosisi: uchafu mwepesi wa kijivu au mweupe uliopaka kuta za uke, pH zaidi ya 4.5, shombo kwenye kipimo hicho, na seli zilizofunikwa na bakteria chini ya hadubini. Vitatu kati ya vinne vinatosha.

Usiandike dawa kabla ya kuweka spekula, kile chombo cha kupanulia uke ili uone ndani. Nimewahi kuvuta pamba iliyosahauliwa tangu hedhi iliyopita, na harufu ile si shombo, ni uozo. Ukiona uchafu wa njano au kijani wenye mapovu, fikiria trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi wake anatibiwa bila mjadala. Anayetokwa damu baada ya tendo, kagua mlango wa kizazi na umpeleke kwenye uchunguzi wa saratani siku hiyo hiyo. Homa na maumivu chini ya kitovu, mwite daktari.

Dawa yenyewe ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7, hata kwa mjamzito. Wengi huacha siku ya tatu kwa sababu mdomo una ladha ya chuma na moyo unachafuka. Mwambie mapema kwamba hali hiyo itakuja, anywe akiwa ameshiba, pombe aiweke kando. Asiyeiweza hupewa krimu ya klindamaisini, ila ina mafuta yanayodhoofisha kondomu. Watu husahau kusema hilo. Mshauri apime na VVU, maana tatizo hili humwongezea hatari ya kuambukizwa.

Na litarudi kwa wengi. Zaidi ya nusu hurudiwa ndani ya mwaka. Sisi tulifundishwa kwamba mume hatibiwi. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Australia: wanaume walipomeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamaisini uumeni kwa siku 7, waliorudiwa ndani ya wiki 12 walikuwa asilimia 35 ya wanawake, dhidi ya 63 pale ambapo mume hakutibiwa. Kwa anayerudiwa kila mara, lizungumze na daktari wako. Kwa mume, usilitamke kama kesi ya usaliti.

Muulize pia anaweka nini ukeni. Utasikia ndimu, shabu, sabuni, ugoro. Usimgombeze, huenda somo wake, yaani kungwi, ndiye aliyemfundisha, naye anasugua kwa sababu ananuka. Mwambie kujisugua ndani kunawaondoa laktobasili tunaowatafuta. Anawe nje kwa maji, ndani paachwe.

Kile kipimo cha kunusa kifanyie mbali na kitanda, umewapa mgongo yeye na mwanafunzi wako. Akikuona umekunja pua mara moja, safari nyingine ataenda kununua dawa ya fangasi duka la dawa.