Mbegu za papai si jibu la kila ng'ombe aliyekonda

Mfugaji mmoja wa Wete ameniandikia akitaka kipimo cha mbegu za papai kwa mtamba wake aliyekonda, kwani amesikia kwamba mimi nimeacha dawa za minyoo za dukani. Sijaziacha, na ningependa alifahamu hilo kabla hajatwanga chochote.

Nilichokifanya ni kumpa ndama mmoja unga wa mbegu zilizokaushwa kivulini, mwenzake nikamwacha bila kitu, na kinyesi cha wote wawili nikakipeleka kupimwa kabla ya dawa na tena baada ya wiki mbili. Majirani walinicheka wakanipachika jina la Bwana Mavi, na jina hilo bado linaniuma, maana walioliasisi ndio hao hao wanaonijia sasa baada ya magharibi kuniuliza siri yangu. Siri yenyewe ni kupima. Mayai ya minyoo ya duara yalipungua kwa ndama aliyepewa unga, nami nilijivuna si kidogo, lakini hayakupungua kwa kiwango cha asilimia 95 kinachotarajiwa kwa dawa iliyo madhubuti.

Mimea ina nguvu ya kweli: utomvu wa papai una papaini, kimeng'enya kinachoweza kuila ngozi ya mnyoo, na dondoo za mwarobaini zimeonekana maabara zikizuia mayai kuanguliwa. Tatizo ni kwamba tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa hubeba makumi ya lita, dawa ikazimuka humo na kuvunjwavunjwa na vijidudu kabla ya kumfikia mnyoo, na nguvu ya mbegu nayo hubadilika kwa kadiri tunda lilivyoiva na mbegu zilivyokaushwa. Anayekutajia vijiko bila kuuliza uzito wa mnyama anakubahatishia, ndugu yangu, hata akiwa ni mzee wa kuheshimiwa.

Kwa mtamba wa Wete nina wasiwasi mwingine kabisa. Anasema humfunga bondeni baada ya mpunga kuvunwa, na mabonde yetu, Pemba na Unguja, ndiyo makao ya konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Sijaona mmea wa kuutegemea kwa minyoo hiyo. Mayai yake ni mazito, huzama katika maji ya chumvi yanayotumika kuelesha mayai ya minyoo ya duara, kwa hiyo wewe mwenye mtamba, mwambie daktari wa mifugo akipime kinyesi kwa njia ya kutuamisha, yaani kuyaacha mayai yazame chini. Kati ya dawa za dukani, albendazoli huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, ilhali triklabendazoli huua hata michanga. Na kama mtamba amepandishwa karibuni, mweleze daktari mapema, kwani albendazoli haifai katika siku 45 za mwanzo za mimba. Kwa sasa mhamishie kamba juu penye ukavu, umkatie majani ya huko huko.