Maswali ya Wasomaji: Dhana Iliyofichika katika Hoja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika zoezi la mantiki nilipewa hoja hii: “Dagaa walioshushwa mwaloni kwetu wiki hii ni wachache kuliko walioshushwa wiki mbili nyuma, kwa hiyo dagaa wamepungua ziwani.” Nilipoulizwa ni dhana gani haikutajwa, nilijibu kwamba uvuvi haramu umeongezeka, nikakosa. Kwa nini? — Mwanafunzi, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Jibu lako linaeleza kwa nini dagaa wapungue, yaani umekwisha kulikubali hitimisho kabla ya kulichunguza. Dhana iliyofichika hukaa kati ya sababu na hitimisho. Hapa sababu inazungumzia dagaa walioshushwa mwaloni, ilhali hitimisho linazungumzia dagaa walio majini, na kati ya hao na hao kuna mitumbwi, nyavu na taa. Mwenye hoja amechukulia, bila kusema, kwamba uvuvi wa nyakati zote mbili ulilingana. Aristotle alikwisha kuona kwamba msemaji huliacha jambo ambalo msikilizaji atalijaza mwenyewe. Ndiyo maana pengo kama hili halionekani upesi.

Ili kuipima dhana, ikanushe. Tuseme uvuvi haukulingana: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong’aa taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Wiki mbili zinatosha kabisa kutoka gizani hadi mwezi mpevu (mvuvi wa Igombe asingehitaji somo la mantiki kuliona hilo), na hoja inaanguka papo hapo, kwa kuwa uchache wa mwaloni hautuambii tena lolote la hakika kuhusu ziwa. Sasa kanusha jibu lako: uvuvi haramu haukuongezeka. Hoja haitikisiki, kwani dagaa wangeweza kupungua kwa kuliwa na sangara.

Jihadhari pia na jibu linalodai kupita kiasi, mfano “kila mtumbwi wa Ziwa Victoria ulivua usiku ule ule.” Likikanushwa, huenda ni mtumbwi mmoja tu uliobaki ufukweni, na hoja haihitaji ukamilifu wa namna hiyo. Katika orodha ya majibu uliyopewa, tafuta lile linalosema kwamba usiku wa kuvua na idadi ya mitumbwi havikupungua kiasi cha kueleza uchache huo.