Jibu: Mgeni wa Polandi na mbuzi wa mkesha wa Krismasi

Habari ndugu. Umeuliza kama mbuzi uliyemwagiza hapo Bagamoyo atamfaa mgeni wako kutoka Polandi jioni ya tarehe 24 Desemba. Kwanza muulize kama anafuata desturi ya Wigilia, yaani mlo wa mkesha wa Krismasi wa Kipolandi, kwa kuwa Wapolandi wengi hawali nyama jioni hiyo, wala hawaketi mezani kabla nyota ya kwanza haijaonekana. Mbuzi asubiri tarehe 25. Wageni wangu wa Kipolandi niliwakaangia samaki aina ya changu, nikaongeza maharage na kabichi, wakaridhika. Walikuja na opłatek, mkate mwembamba kama hostia, ambao kila mmoja humega kipande cha mwenzake huku wakitakiana heri. Tenga pia sahani ya mgeni asiyetarajiwa, jambo ambalo sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa.